Watoto Wawili, Wengine Kumi na Mmoja

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Usikate.

KAKA: Nani?

DADA: Dada yako. Natumia simu ya mama mkwe, maana yangu umeikata mara nne tangu asubuhi. Shikamoo, kaka.

KAKA: Marahaba. Sijaikata mimi, ni mtandao wa huku — [mkwaruzo] — na mashine zinanguruma, mtu hasikii hata anachofikiri. Niko kazini, mdogo wangu. Leo siyo siku ya —

DADA: Mmeshaanza kumwaga zege?

KAKA: Nini?

DADA: Zege. Hapo kiwanjani mnapojenga. Mmeanza?

KAKA: Tangu asubuhi. Lori la tisa linashusha sasa hivi. Kwani wewe na zege wapi na wapi?

DADA: Kona ya nyuma. Ilipokuwa nyumba ya rangi, ya kutilia vitambaa rangi, enzi za kiwanda. Mmefika?

KAKA: Kona ya nyuma?

DADA: Kaka.

KAKA: Bado. Ile ndiyo ya mwisho.

DADA: Umebaki muda gani?

KAKA: Saa moja. Labda na nusu. Mhandisi anataka tumalize kabla jua halijageuka. Sasa kama una shida niambie, mimi ndiye msimamizi hapa, siwezi kusimama na simu sikioni wakati vijana —

DADA: Picha nilizokutumia umeziona. Zile alama mbili za ujumbe zimebadilika rangi saa tatu asubuhi.

KAKA: Nimeziona. Picha zetu za utotoni. Nzuri. Nitazitazama vizuri nikifika nyumbani.

DADA: Ukifika nyumbani kutakuwa hakuna la kutazama. Nisikilize, na simu hii salio lake ni la kizee, dogo, likiisha nitakuja hapo kwa miguu. Unanisikia?

KAKA: Sema basi. Haraka.

DADA: Lile kopo la biskuti ulilonipa tulipogawana vitu vya baba, sikuwa nimelifungua hata siku moja. Leo, kabla wateja hawajaja, nikasema nichague picha moja ya baba niitundike hapa kwenye chumba changu cha kushonea. Nikapekua. Hamna hata moja yenye sura ya baba, kwa sababu mpiga picha alikuwa yeye. Zipo saba, zote za sisi wawili tumesimama kando ya ile nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda tulimokulia, mwaka baada ya mwaka. Na zote mbovu. Hapa wewe umekatwa miguu, pale mimi nimebaki nusu uso. Tuko pembeni kabisa, kama wapita njia. Hata siku ya mazishi uliwachekesha watu, ukasema mzee alikuwa karani hodari lakini kamera ilimshinda.

KAKA: Watu walikuwa wanalia sana. Nilitaka tu —

DADA: Kamera haikumshinda.

[Mtandao unakwaruza.]

DADA: Umenisikia? Nimesema haikumshinda. Nilizipanga juu ya meza ya kukatia, nikazibana kwa pini zisipeperushwe na feni. Sasa mimi kazi yangu ni kulinganisha. Nikikata gauni la mistari, mstari wa bega hili lazima ukutane na wa bega lile, macho yangu yamezoea hivyo, hata nikilala naona mistari. Nikauona ule mnara wa tangi la maji. Kwenye picha zote saba uko mahali pamoja. Nikachukua futi nikapima kutoka ukingo wa picha. Sawasawa, zote. Sisi tumekua, ukuta umepakwa rangi nyingine, mimi nimeota meno mapya, mnara haujasogea hata upana wa uzi. Asiyejua kupiga picha hawezi kufanya hivyo mara saba, tena mara moja tu kwa mwaka. Unakumbuka alivyokuwa akituambia? Sogeeni kushoto. Tena kushoto.

KAKA: Toka katikati, mama. Alikuwa anakuita mama.

DADA: Basi. Alikuwa anatutoa katikati ili kitu kingine kikae katikati.

KAKA: Mdogo wangu, una huzuni. Baba hajatimiza hata miezi mitano. Mtu akiwa na huzuni anaona —

DADA: Fundi saa wa jirani kaniazima kile kioo anachobana jichoni.

KAKA: Fundi saa ameziona?

DADA: Mbona umeshtuka?

KAKA: Sijashtuka. Nauliza.

DADA: Hajaziona. Hajaona mtu. Nimefunga mlango, mama mkwe yuko chumbani anasikiliza redio, simu nimemwambia namwomba nimpigie mteja. Nimemdanganya mtu mzima, kaka. Nikuambie nilichoona kwenye ile picha ya kwanza, au utaniambia wewe?

KAKA: Subiri. [Kwa mtu mwingine, mbali na simu] Mwambie anyooshe bomba, asimwage rundo moja! Nyoosha! [Karibu tena] Endelea.

DADA: Nyuma ya mabega yetu pana uzio wa waya, na nyuma ya uzio ni ua wa kiwanda. Kando ya nyumba ya rangi pana shimo, kubwa, udongo umelundikwa pembeni. Mbele ya shimo wamekaa wanaume chini, mikono kichwani. Nimewahesabu kwa ncha ya pini. Kumi na mmoja. Wamevaa yale maovaroli ya watu wa nyumba ya rangi. Pembeni wamesimama wawili wenye bunduki. Na upande wa kulia, kaka, lipo ghala la nguo. Limesimama zima, bati lake linang'aa, dirisha lina kioo.

KAKA: Picha ya zamani, mdogo wangu. Chembechembe tupu. Mtu anaweza kuona —

DADA: Ghala ni zima. Sisi tumelelewa na hadithi gani? Kwamba mwaka wa mgomo watu kumi na mmoja wa nyumba ya rangi walichoma ghala, kisha wakatoroka, wakavuka mpaka, wakaacha wake na watoto. Ndivyo ilivyosomwa redioni. Ndivyo mwalimu alivyotufundisha, na mimi niliandika kwenye daftari nikapata vema. Nyuma ya picha baba ameandika tarehe na saa, karani wa zamu hawezi kuacha saa. Saa nne asubuhi. Ghala liliungua jioni ya siku ile ile, mimi mwenyewe nakumbuka moshi, mama alitufungia ndani. Sasa niambie. Watu waliokaa chini ya mtutu saa nne asubuhi, jioni walichomaje?

KAKA: [mkwaruzo] — sikusikii vizuri —

DADA: Unanisikia.

KAKA: Nakusikia.

DADA: Picha ya pili, mwaka uliofuata, ghala ni jeusi na shimo halipo. Pana kifusi. Ya tatu, kifusi kimesawazishwa, kimepigwa sakafu ya saruji. Ya nne sakafu ina ufa. Ya tano na kuendelea majani yanaota kwenye ufa. Hakuna mtu humo tena, ni sisi wawili na majani. Lakini nyuma ya kila moja, zote saba, ameandika maneno yale yale kwa mwandiko wake ule wa kulala: watoto wawili, wengine kumi na mmoja. Kila mwaka, kaka. Hata kwenye picha isiyokuwa na mtu. Alikuwa anasema bado wapo. Na wewe leo unawamwagia zege.

KAKA: Usiseme hivyo.

DADA: Nisemeje?

KAKA: Usiseme hivyo, tafadhali.

DADA: Mmoja wa hao ni baba wa mume wangu. Unajua walivyomwita shuleni? Kibiriti. Mtoto wa miaka saba, anaingia darasani wanampigia kelele, Kibiriti, Kibiriti. Hadi leo hataki kutamka jina la baba yake, na sasa yuko safarini na gari la watu, hajui kitu. Mama mkwe akifika bombani wanawake walikuwa wanavuta ndoo zao pembeni. Mke wa mchoma ghala. Amezeeka na neno hilo mgongoni. Ameniambia mwenyewe kwamba kinachomuuma siyo ghala, ni kwamba mwanaume wake alikwenda bila hata kupitia nyumbani kubeba shati. Miaka arobaini na mmoja anajiuliza alimkosea nini. Mama huyo yuko nyuma ya ukuta huu, anasikiliza redio. Simamisha hiyo kazi.

KAKA: Haisimamishwi hivyo. Hapa kuna malori manne kwenye foleni, zege likikaa linaganda ndani ya ngoma ya lori. Kuna mhandisi, kuna wenye jengo wako chini ya mwavuli wanatazama. Nikamwambie nani, kwamba dada yangu mshonaji ameona kitu kwenye picha?

DADA: Waambie hivyo hivyo.

KAKA: Watasema nimechanganyikiwa. Watanitoa hapa na mwingine atashika kazi, na kona itamwagwa vilevile.

DADA: Basi waambie una uhakika.

KAKA: Wataniuliza nimejuaje.

DADA: Kaka. Kwenye ile picha ya kwanza mimi natazama kamera. Nina miaka minne, nimetoa ulimi. Wewe una tisa. Wewe hutazami kamera. Umegeuka. Uso wako hauonekani, naona kisogo chako tu na sikio. Asubuhi yote nimekuwa nikisema labda aliitwa na mtu. Labda kuna mbwa alibweka. Nimekutafutia kila kisingizio, kaka yangu, hadi nimeishiwa.

[Mtandao unakwaruza. Honi ya lori.]

KAKA: Sikuitwa na mtu.

DADA: Uliona.

KAKA: Niliona wamekaa. Halafu baba akanishika kichwa akanigeuza, akatuingiza ndani, akafunga dirisha akasimama mbele yake. Tulikunywa uji. Wewe ulitaka sukari. Kisha zikaja zile sauti, moja moja, siyo kwa haraka. Nikahesabu. Baba aliponiona midomo inacheza akaniziba mdomo kwa kiganja, akaniambia, ulichoona umekiota. Kila nilipotaka kuuliza alinitazama tu. Baadaye nikaacha kutaka.

DADA: Na yeye akaendelea kwenda kazini.

KAKA: Kila zamu, bila kukosa hata siku moja. Kwenye daftari la zamu yeye ndiye aliyeandika. Walimletea majina kumi na moja, wakamwambia mbele ya kila jina aandike mtoro. Akaandika. Aliniambia hilo mara moja tu, mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Akasema, mkono huu. Akanionyesha mkono. Hakusema zaidi. Picha hakunitajia, naapa, hizo nimezijua leo asubuhi ulipozituma. Nimezitazama nikaenda nyuma ya kontena la saruji, nikazikuza kwa vidole hadi nikawaona tena.

DADA: Ndiyo maana ulipinga ndoa yangu.

KAKA: Mdogo wangu —

DADA: Ulikuja na kaunda suti yako, ukakaa mbele ya wazee, ukasema familia ile haina bahati. Nililia wiki nzima. Nilidhani unamdharau mume wangu kwa sababu ya lile jina la Kibiriti.

KAKA: Ningekaaje meza moja naye? Kila nikija kwako yule mama ananiletea maji ya kunawa kwa mikono yake miwili. Anasema karibu mwanangu, kula, umekonda. Nilipunguza kuja. Ukasema nimejaa maringo tangu nipate cheo.

DADA: Nilisema, ndiyo.

KAKA: Siyo maringo.

DADA: Na ukaenda kuchukua kazi ya kujenga juu yao. Hapo ndipo sikuelewi. Kazi zote mjini, ukachukua hiyo.

KAKA: Niliiomba.

DADA: Uliiomba?

KAKA: Nikasema afadhali niwe mimi. Mwingine angechimba kwa mashine, akikuta kitu anakitupa na kifusi. Nikajiambia nikifika pale nitajua la kufanya. Nikafika, sikujua. Ramani ilitaka tuanze na kona ile. Nikawaambia udongo wake mlaini, tuuache ukae. Baadaye nikasema nondo zilizoletwa ni pungufu. Kisha nikasema kuna bomba la zamani, lazima litafutwe. Miezi sita nimeizunguka kona moja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba kila jioni akiniuliza mmefika wapi namwambia bado, baba, kona bado. Alikufa nikiwa bado nazunguka. Na sasa uongo wote umeniishia. Jana mhandisi aliniambia, kona hiyo una mchumba nayo? Leo amesimama hapa mwenyewe.

DADA: Kaka, sikia —

KAKA: Nimeshindwa kuisema na nimeshindwa kuimwaga. Ndivyo nilivyo. Tangu nikiwa na miaka tisa.

DADA: Unalia?

KAKA: Vumbi.

[Mlio mfupi: salio linakaribia kwisha.]

DADA: Umesikia mlio huo? Hatuna muda wa kulia, tutalia baadaye, mimi na wewe, nitakupikia na tutalia. Sasa hivi niambie lori liko wapi.

KAKA: Linageuka. Linarudi nyuma kuelekea kona.

DADA: Na wewe uko wapi?

KAKA: Kwenye ngazi.

DADA: Shuka.

KAKA: Nikishuka sitapanda tena. Unajua hilo? Watoto wangu wako shule. Polisi watakuja, wataniuliza kwa nini nilinyamaza nikiwa mtu mzima, mwenye ndevu, mwenye cheo. Na yule mama atajua. Hilo ndilo —

DADA: Shuka, kaka.

KAKA: — hilo ndilo siwezi. Polisi nitawaweza.

DADA: Mimi niko na wewe. Hata kama hasira zimenijaa, niko na wewe. Shuka ngazi moja. Niambie umeshuka.

KAKA: [pumzi nzito] Nimeshuka.

DADA: Nyingine.

KAKA: Nashuka. Usikate. Naweka simu mfukoni, usikate.

[Mkwaruzo wa kitambaa. Injini. Sauti zinasikika kwa mbali.]

KAKA: [mbali] Zima pampu. Nimesema zima. — Sijali, mwambie mhandisi aje. — Mhandisi, samahani. Hapa hapamwagwi. — Hapana, siyo udongo. Nilikudanganya kuhusu udongo. Kuna watu chini. — Watu. Kumi na mmoja. — Nimejua kwa sababu niliwaona, nilikuwa mtoto, nyumba yetu ilikuwa pale penye lile rundo la kokoto. — Basi mwageni. Mimi nakaa hapa.

DADA: Kaka? Kaka, kuna nini?

[Chuma kinagonga. Injini inazidi kunguruma.]

DADA: Kaka, jibu. Nasikia lori. Toka hapo, wasije wakakufukia na wewe, kaka, tafadhali, nilisema usimamishe kazi, sikusema ufe. Haloo? Haloo?

[Injini inapungua. Inazimika.]

KAKA: [karibu] Upo?

DADA: Nipo. Nipo. Uko mzima?

KAKA: Nimekaa juu ya nondo. Dereva amezima mwenyewe, ameshuka, amekaa kwenye ngazi ya lori lake amevua kofia. Mzee wake alifanya kazi hapa zamani, anasema. Vijana wa koleo wamesimama tu. Mhandisi yuko kwenye simu, anapiga huku na huku, macho yamekuwa mekundu. Wenye jengo wameondoka na mwavuli wao.

DADA: Hawatamwaga?

KAKA: Leo hawamwagi. Zege la hilo lori limeshaanza kushika, wanaenda kulitupa. Sasa wanasubiri polisi. Zitunze hizo picha. Usimpe mtu yeyote zenyewe, mpe nakala. Hata akija na kofia na nyota mabegani. Umenielewa?

DADA: Nimeelewa. Nitazishonea ndani ya —

KAKA: Ndani ya nini?

DADA: Redio imezimwa.

KAKA: Redio gani?

DADA: Ya mama mkwe. Sijui imezimwa tangu lini. Mlango uko wazi. [Kwa sauti ya chini] Yuko hapa, kaka. Amesimama mezani. Ameshika kile kioo cha fundi saa.

KAKA: Mungu wangu. Kata simu.

DADA: Mama, subiri, mama, kaa kwanza. Ngoja nikuletee kiti. — Ndiyo, mama. Ni kaka. — Ndiyo, yuko pale pale. — Mama, yeye alikuwa mtoto mdogo —

KAKA: Kata, nakuomba. Nitakuja mwenyewe, nitapiga magoti, ila siyo kwa simu —

DADA: Anaitaka simu yake.

KAKA: Mdogo wangu —

DADA: Ni simu yake, kaka. Siwezi kumnyima.

[Mkono unapokea simu.]

MAMA MKWE: Haloo.

KAKA: Shikamoo, mama.

MAMA MKWE: Marahaba. Umekaa au umesimama?

KAKA: Nimekaa, mama.

MAMA MKWE: Mimi pia nimekaa. Wako hapo ulipokaa?

KAKA: Wako hapa. Chini yangu.

MAMA MKWE: Nimesikia yote. Simu hii yangu inapayuka kama redio, na ukuta wa nyumba hii ni wa kitu gani hata mtu asisikie. Sitaki uniombe radhi sasa, hilo lina siku yake, na siku hiyo nitakuwa na maneno yangu. Sasa nataka kuuliza kitu kimoja. Wewe uliwaona kwa macho. Yeye ulimwona? Alikuwa mrefu, na sikio moja lilikuwa na pengo, aliumwa na mbwa utotoni.

KAKA: Nilimwona.

MAMA MKWE: Usiniridhishe.

KAKA: Sikuridhishi, mama. Alikuwa wa tatu kutoka kwenye mnara. Sikio la kushoto. Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko, walitolewa wakiwa kazini. Wengine walitazama chini. Yeye alitutazama sisi, mimi na dada yangu. Nilipogeuka macho yetu yakakutana, na yeye akanifanyia hivi kwa kichwa. Kidogo tu. Kama mtu anayemwambia mtoto, geuka, tazama mbele, tazama baba yako. Alitaka nisione.

MAMA MKWE: Ndiyo yeye. Hakupenda watoto waone ugomvi. Hata sisi tukigombana, alimtoa mtoto nje kwanza. [Pumzi] Kwa hiyo hakutoroka.

KAKA: Hakutoroka, mama.

MAMA MKWE: Sema tena. Polepole. Lile lingine wameniambia miaka arobaini na mmoja, hili nataka nilisikie zaidi ya mara moja.

KAKA: Hakutoroka. Hakuchoma kitu. Alikuwa hapa siku zote, umbali wa —

[Mlio mrefu. Simu inakatika.]

MAMA MKWE: Haloo? Limekwisha.

DADA: Mama. Mama, nipe mkono.

MAMA MKWE: Mkono nitakupa njiani. Nitafutie viatu vyangu, na hizo picha uzifunge ndani ya kitambaa kizuri. Kijana wa watu amekaa peke yake pale, na polisi wanakuja. Twende tukakae naye.